Cheti kinachosubiri meli

Kijana anaweza kumaliza masomo ya uongozaji wa meli akiwa kinara wa darasa, akavaa joho, shangazi zake wakamvisha mashada, picha zikasambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo mzima, na kesho yake asiruhusiwe kushika zamu hata ya saa moja kwenye meli ya mizigo. Hajaonewa na mtu. Ndivyo unavyosema mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, uliopitishwa London mwaka 1978, ukafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena Manila mwaka 2010.

Anayetaka cheti cha ofisa wa zamu kwenye meli ya ukubwa wa GT 500 (GT ni kipimo cha ujazo wa jumla wa meli) na kuendelea lazima awe ametimiza miaka 18, awe amesoma katika mpango ulioidhinishwa, na ndani ya mpango huo awe amekaa baharini si chini ya miezi 12. Katika miezi hiyo, angalau sita awe ameifanya kazi ya zamu katika chumba cha kuongozea meli, nahodha au ofisa mwenye cheti akimwangalia. Asiyepita njia ya chuo hukusanya miezi 36. Kwa fundi wa mitambo hesabu inakaribiana na hiyo: miezi 12 ya karakana na bahari kwa pamoja, sita kati yake ikiwa ya zamu katika chumba cha injini.

Kila mwaka, wahitimu wa fani nyingine wanapomaliza vyuo, mjadala ni ule ule. Waajiri wanalalamika kwamba vijana hawana uzoefu, vijana wanauliza watautoa wapi kama hakuna anayewapokea, na wanasiasa wanaahidi kuangalia upya mitaala. Mabaharia waliumaliza mjadala huo zamani. Kwao uzoefu hautafutwi baada ya cheti. Ni nusu ya cheti chenyewe. Kwa sababu nchi zilizoridhia mkataba zimekubaliana kuihesabu nusu hiyo kwa kipimo kimoja, ofisa aliyesomea Dar es Salaam au Mombasa anaweza kushika zamu kwenye meli ya Mgiriki yenye bendera ya Panama iliyobeba magari ya Kijapani, mradi mamlaka za bendera hiyo zimeidhinisha cheti chake. Fani chache sana zina soko la ajira la dunia nzima lililo wazi kiasi hicho.

Tatizo liko kwenye meli zenyewe. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kinafundisha. Bandari Maritime Academy ya Mombasa inafundisha. Lakini ile miezi 12 haipatikani darasani, na mwenye meli halazimiki kumchukua kijana wa Temeke au wa Likoni. Hapo ndipo hoja ya makala hii ilipo: nafasi ya kujifunzia kazini ni sehemu ya mtaala sawasawa na hesabu au fizikia, na chuo kinachodahili wanafunzi bila kujua watapanda meli gani kinapokea ada ya kitu ambacho hakina.

Miezi kumi na miwili

Kwa nini mkataba uking'ang'anie sana chombo, wakati siku hizi kuna mashine za kuigiza uongozaji wa meli, zenye skrini kubwa, mawimbi, ukungu na milio ya honi? Mashine hizo ni nzuri, na mkataba unazitambua kwa mafunzo fulani, kama ya rada. Lakini fuatilia maisha ya kadeti melini utaona kinachokosekana.

Zamu katika meli nyingi za biashara ni saa nne kazini na saa nane nje ya zamu. Kwa desturi, kadeti huwekwa na ofisa mkuu katika zamu ya saa kumi hadi saa mbili, alfajiri na jioni, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo mawio na machweo humruhusu kuona nyota na upeo wa bahari kwa pamoja na kupima mahali meli ilipo kwa njia za kale. Setilaiti ipo, ramani ya kielektroniki ipo. Hata hivyo kadeti hupewa kile kipima pembe cha nyota na kuambiwa atafute meli iko wapi, kisha alinganishe jibu lake na la mashine. Siku za mwanzo tofauti huwa ya kuchekesha.

Baada ya zamu kuna kazi za sitahani. Kadeti anagonga kutu kwa nyundo, anapaka rangi, anapima maji kwenye matangi, anakagua vifungo vya makontena, anasaidia kamba wakati meli inafunga gati. Anafanya hivyo chini ya serahangi, mtu ambaye pengine hakumaliza sekondari lakini anaijua kamba inayokaribia kukatika kwa kusikiliza tu sauti yake. Kamba ya kufungia meli ikikatika hurudi kwa kasi inayoweza kumkata mtu miguu. Darasani hilo ni mchoro kwenye ukuta. Sitahani, serahangi anamshika kadeti bega na kumsogeza hatua mbili nyuma, na tangu siku hiyo kijana hasahau pa kusimama.

Kisha kuna kanuni za kuzuia meli kugongana, zilizokubaliwa mwaka 1972, ambazo kila mwanafunzi huzikariri kama sala. Meli ikija upande wa kulia, wewe ndiye unayepisha. Rahisi. Sasa mweke kijana huyo usiku kwenye Mlango Bahari wa Singapore, mbele yake taa kadhaa zikiwa zinakwenda njia tofauti, boti za wavuvi zisizo na taa, redio ikizungumza Kiingereza cha Kichina, cha Kihindi na cha Kirusi kwa wakati mmoja, na nahodha amesimama nyuma yake kimya, anataka kuona atafanya nini. Kanuni ni ile ile. Kinachofundishwa hapo ni namna ya kuitumia huku moyo ukienda mbio.

Lugha nayo ni somo. Shirika la Bahari la Kimataifa, IMO, lilipitisha mwaka 2001 orodha ya maneno sanifu ya mawasiliano ya baharini ili watu wa mataifa mbalimbali wasipishane kauli. Lakini meli ni kijiji cha watu ishirini na kitu: nahodha Mrusi, fundi mkuu Mhindi, mpishi Mfilipino, na wewe. Utajifunza jinsi ya kumwambia mkubwa wako kwamba umeona chombo ambacho yeye hajakiona, katika utamaduni ambao mdogo hamkosoi mkubwa. Kwa kijana aliyelelewa kwa shikamoo hilo si dogo. Ajali kadhaa za meli zimetokea huku mdogo akiwa ameona na akanyamaza.

Yote hayo huandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu za mafunzo. Kila kazi ina mstari wake, na ofisa aliyemwona kadeti akiifanya huweka sahihi na tarehe. Sahihi hiyo ina uzito, maana kesho huenda ofisa mwenyewe akalala chumbani kwake huku maisha yake yakiwa mikononi mwa huyo aliyemtilia sahihi.

Linganisha na kile ambacho wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu hukiita fildi. Mwanafunzi anabisha hodi ofisi hadi ofisi na barua ya chuo. Mjomba anayemjua mtu fulani ndiye humpatia mahali. Wiki za mwanzo hakuna meza wala neno la siri la kompyuta. Anatumwa kutoa kopi na kupeleka mafaili, na akibahatika anaingia kwenye kikao kuandika mahudhurio. Msimamizi kutoka chuoni anakuja mara moja, kwa haraka, maana ana wanafunzi wengine mikoa mitatu. Siku ya mwisho kitabu cha kumbukumbu kinajazwa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kwa kalamu moja, na bosi anatia sahihi huku akipokea simu. Wapo wanaobahatika kupata ofisi inayojali, na hao hawasahau kamwe. Lakini hiyo ni bahati, na mtaala haujengwi juu ya bahati.

Meli zilikwenda wapi

Mwaka 1966 Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilianzisha kampuni ya pamoja ya meli, Eastern African National Shipping Line. Mwaka uliofuata Tanzania na China ziliunda ya kwao, Sinotaship. Tuliozoea kuiona biashara ya meli kama kitu cha wageni tunasahau kwamba kulikuwa na wakati ambapo serikali za hapa zilikuwa na sauti kuhusu nani anapanda meli na nani anashika zamu. Kampuni ya nchi nne haikuvuka mwanzo wa miaka ya 1980. Ilizama kwenye madeni baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika mwaka 1977. DMI ilianza kama kituo cha mafunzo ya mabaharia mwaka 1978. Kwa maneno mengine, shule ilifunguliwa wakati meli za pamoja ziko mbioni kutoweka.

Katika ombwe hilo vijana wa mjini walitafuta njia yao. Kwa miaka mingi, kwa kijana wa Tandale au Kigamboni, kwenda baharini kulimaanisha kuzamia: kujificha kwenye meli usiku, kuomba Mungu asigundulike kabla ya kuvuka maji ya nchi, na kushukia Durban, Cape Town au Ugiriki. Wengine walitupwa baharini. Wengine waliishi chini ya madaraja ya Cape Town kwa miaka. Si mfano wa kuigwa, ila unaonyesha kwamba hamu ya bahari haijawahi kukosekana katika pwani hii.

Cha kusikitisha ni kwamba kuna wakati bendera yetu ilikuwa inasafiri kuliko watu wetu. Kupitia Zanzibar, mamia ya meli za kigeni zilisajiliwa na kupeperusha bendera ya Tanzania, hadi Januari 2018 serikali iliposimamisha usajili huo baada ya baadhi yake kukamatwa na dawa za kulevya na silaha. Mjadala wakati ule ulihusu aibu na usalama wa taifa, na ulistahili. Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa kwa sauti: katika meli zote hizo, mwenye meli aliombwa kubeba kadeti wangapi kama sehemu ya bei ya kupewa bendera?

Wengine hudhani maziwa yetu yatatuokoa. Ziwa Victoria lina meli, Tanganyika na Nyasa pia. Mkataba wa STCW umeifungia njia hiyo: chombo kinachofanya kazi katika maji ya ndani peke yake hakihesabiwi kuwa cha baharini, kwa hiyo miezi ya Mwanza na Bukoba haimfikishi mtu kwenye zamu ya Rotterdam. Vyombo vidogo vya pwani, vilivyo chini ya GT 500, huzaa cheti chenye mipaka yake, kinachotosha kwa safari za karibu na pwani.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2019 Bunge lilibadili Sheria ya Meli za Biashara ili kufungua mlango kwa kampuni ya taifa ya meli, KNSL, kushirikiana na kampuni kubwa ya meli ya MSC katika gati la pili la makontena Mombasa. Moja ya hoja kuu za waliounga mkono ilikuwa ajira za mabaharia. Wafanyakazi wa bandari walipinga vikali, wakihofia ajira zao wenyewe. Tuuache ugomvi huo. Jambo la kuangalia ni aina ya nafasi. Wakenya wamepata kazi kwenye meli za watalii, na kupika au kutandika vitanda kwenye meli ya watalii ni kazi halali inayolisha familia. Ila haiingii kwenye miezi 12 ya ofisa. Serikali inayojadiliana kuhusu nafasi za mabaharia bila kutofautisha kitanda cha kadeti na kazi ya mhudumu itapata idadi kubwa ya kutangaza na maofisa wachache.

Na maofisa wanatakiwa. Ripoti ya mwaka 2021 ya vyama viwili vya sekta ya meli, BIMCO na Chama cha Kimataifa cha Wenye Meli, ilikadiria kuwa mabaharia wa meli za biashara duniani ni milioni 1.89, na kwamba tayari kulikuwa na upungufu wa maofisa 26,240 wenye vyeti. Ilitabiri kuwa hadi mwaka 2026 dunia ingehitaji maofisa wengine 89,510. Katika ripoti hiyo nchi tano zilizoongoza kutoa mabaharia zilikuwa Ufilipino, Urusi, Indonesia, China na India. Hakukuwa na nchi hata moja ya Afrika.

Somo la Manila

Ufilipino hutajwa kila mahali kama mfano, na mara nyingi hutajwa nusu nusu. Ni kweli kwamba ndiyo bingwa. Lakini kwa miaka mingi vyuo vyake vya bahari vilidahili maelfu kwa maelfu bila kujua watapanda meli gani. Nenda Luneta, kando ya Barabara ya Kalaw katikati ya Manila, utakuta mabaharia wenye bahasha za vyeti wakizunguka kwenye meza za mawakala. Miongoni mwao wamekuwapo makadeti waliohudumu bure kwenye ofisi za mawakala kwa miezi, wakifagia, wakipeleka barua, wakinunua chakula cha wakubwa, kwa matumaini ya kupewa nafasi melini. Elimu ya juu iliyokatika katikati huzaa utumwa wa aina hiyo, kwa sababu anayeshikilia nusu ya pili ya cheti chako anaweza kukuomba chochote.

Gharama yake haikuishia kwa vijana. Tangu mwaka 2006 wakaguzi wa Ulaya walikuwa wakionyesha kasoro katika mfumo wa mafunzo wa Ufilipino, mpaka Tume ya Ulaya ikafikia kutishia kutotambua vyeti vyake. Maofisa na manahodha wapatao 50,000 waliokuwa kwenye meli zenye bendera za Ulaya waliishi na wasiwasi huo hadi Machi 2023, tume ilipoamua kuendelea kuvitambua. Mtu anayejua jinsi familia nzima za visiwa vya Visayas zinavyoishi kwa mshahara wa baharia mmoja ataelewa uzito wa uamuzi ule.

Ndani ya nchi hiyo hiyo kuna chuo kilichogeuza utaratibu. Mwaka 1998 chama cha mabaharia, AMOSUP, kilianzisha chuo huko Mariveles, Bataan, kinachojulikana kama MAAP. Pale kadeti hudhaminiwa na kampuni za meli. Meli inatafutwa kwanza, dawati linafuata. Mwaka mmoja kati ya minne kijana yuko melini, na mdhamini ana sababu ya kujali anajifunza nini, maana ndiye atakayemwajiri. Kujenga chuo cha namna hii ni ghali na kunapunguza idadi ya wanaodahiliwa, na hiyo ndiyo sababu wanasiasa hawakipendi: hakuna anayeshangiliwa kwa kudahili wachache.

Waingereza wao walitumia kodi. Tangu mwaka 2000 kampuni ya meli inaweza kuchagua kutozwa kodi kwa ukubwa wa meli zake badala ya faida, jambo linaloipunguzia mzigo sana, lakini kwa sharti: kwa kila nafasi 15 za maofisa ilizonazo, kila mwaka ichukue mwanafunzi mmoja wa uofisa. Kadeti wa Kiingereza hukaa chuoni, akaenda baharini, akarudi chuoni, akaenda tena, akamalizia chuoni. Huko kurudi darasani katikati ndiko ninakokuonea wivu. Mwanafunzi aliyekwisha kuona shehena ikihama tumboni mwa meli wakati wa dhoruba akirudi kwenye somo la uthabiti wa meli hakai kama alivyokaa mwaka wa kwanza. Anauliza maswali yanayomsumbua mwalimu.

Nchi kavu

Kupishanisha kazi na masomo namna hiyo kuna historia pia katika viwanda. Mwaka 1906 Herman Schneider, mkuu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, alianza na wanafunzi 27 waliogawanywa makundi mawili: wiki moja kundi hili kiwandani na lile darasani, wiki inayofuata wanabadilishana. Kiwanda hakikosi mtu, darasa halikosi mtu. Northeastern ya Boston ikafuata mwaka 1909. Kanada, Waterloo ilifungua milango mwaka 1957 kwa wanafunzi 74 wa uhandisi waliopishanisha masomo na kazi yenye ujira, na leo sifa yake kwa waajiri wa teknolojia imejengwa juu ya utaratibu huo. Viwanda vilikuwa jirani, ndiyo siri.

Sisi Watanzania tulikuwa na jaribio letu, na lilikuwa na ujasiri kuliko hayo yote. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma na kuamua kwamba aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende jeshi la kujenga taifa, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, kisha apendekezwe na mwajiri na chama. Nia ilikuwa njema: kuvunja kiburi cha msomi asiyejua jembe wala foleni ya kiwandani. Walioingia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati ule walikuwa watu wazima, na walimu wengi wa zama hizo huwasifu kwa ubishi wao. Lakini idadi ya wanawake ilianguka, maana miaka hiyo ndiyo ya kuolewa, na ikabidi waondolewe sharti. Utaratibu wote ukaachwa katika miaka ya 1980.

Kwa maoni yangu Musoma haikushindwa kwa sababu kazi na masomo haviendani. Ilishindwa kwa sababu kazi na somo havikufungwa pamoja. Aliyetaka kusomea uhandisi angeweza kukaa miaka miwili akiwa karani, na barua ya mwajiri ilieleza tabia yake, si alichojifunza. Hapakuwa na kitabu cha kumbukumbu wala mtu wa kutia sahihi kwamba amemwona akifanya.

Kitivo cha Uhandisi cha Mlimani, kilichofunguliwa mwaka 1973, kilifanya vizuri zaidi kwa kuweka mafunzo ya viwandani ndani ya ratiba yake. Vijana walikwenda kwenye viwanda vya umma. Kisha viwanda hivyo vikafuata njia ya meli za Afrika Mashariki. Zana za Kilimo Ubungo ilikufa, na General Tyre ya Arusha ikasimama mwaka 2009. Mtaala ukabaki na sharti la mafunzo kwa vitendo, Bodi ya Mikopo ikaendelea kutoa fedha zake, lakini mahali pa kwenda pakapungua huku wanafunzi wakiongezeka mara nyingi. Hapo ndipo fildi ilipogeuka kutoa kopi.

Angalia mahali ambapo bado inafanya kazi. Daktari hapewi usajili kamili bila mwaka wa mafunzo hospitalini. Mwalimu mtarajiwa husimama mbele ya darasa lenye watoto wa kweli. Kote kuna anayelazimika kumpokea, kwa sababu hospitali na shule ni za serikali hiyo hiyo inayodahili. Penye wajibu wa kupokea, mafunzo yapo.

Hata hapo swali la fedha halikwepeki. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kuanzia Machi hadi Mei, na kiini kimoja cha mgogoro kilikuwa malipo ya madaktari wa mwaka wa mafunzo: makubaliano ya mwaka 2017 yalisema takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Aliye mafunzoni anafanya kazi, na mgonjwa anayeshonwa saa nane za usiku haulizi kama anayemshona ni mwanafunzi. Makampuni yetu yanayojaza ofisi vijana wa kujitolea mwaka baada ya mwaka, yakiwapa nauli tu, yanajua vizuri yanachokifanya.

Kupitia mradi wa HEET, Tanzania imekopa dola milioni 425 za Benki ya Dunia tangu mwaka 2021 kwa ajili ya vyuo vikuu, sehemu ikiwa ya kuwasogeza waajiri karibu na mitaala. Majengo yanaonekana tayari. Waajiri hawasogei kwa kualikwa kwenye kikao chenye chai na maandazi. Husogea wakipata unafuu wa kodi, au zabuni, au leseni, na sharti likiandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo. Meli zinazoingia Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar zinakuja kwa sababu mizigo ipo, na mizigo ya Kongo, Zambia, Uganda na Rwanda haina njia nyingi. Nchi yenye mizigo ina nguvu ya kudai. Kila mkataba mpya wa bandari na kila mzigo mkubwa wa serikali, uwe mbolea, ngano au vichwa vya treni, ungeweza kubeba kifungu kimoja cha nafasi za kadeti.

Kwa mzazi ambaye mwanawe anajaza fomu za chuo cha bahari mwaka huu, niseme jambo la vitendo. Kabla ya kulipa ada, ulizia makadeti wa mwaka uliopita wako kwenye meli gani na za kampuni zipi. Chuo chenye jibu kitakuwa nalo tayari. Kisicho nalo kitakuonyesha picha za mashine. Na kijana akishahitimu, wakala akimwomba mamilioni ili amtafutie meli, ajue kwamba Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Akidaiwa zaidi ya hapo, alipeleke suala hilo kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa baharini: TASAC kama yuko Tanzania Bara, ZMA kama yuko Zanzibar, au KMA kama yuko Kenya, na abaki na nakala ya kila alichoandikiwa.